Ndugu mwisho hapa: uzoefu wangu na kituo kimoja cha mazoezi ya tiba Dar

Nyota moja. Nilitaka niishie hapo, lakini mdogo wangu kasema ukiandika hivyo tu watu watadhani umetumwa na washindani wao, eleza. Haya, naeleza. Jina la kituo silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na aliyewahi kufika pale atawajua kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Mimi ni fundi friji na AC, naishi Kimara. Wakati fulani masika yalipokuwa yanakatika, nilipakiwa kwenye bodaboda nikitoka kazini, tukagongwa. Hapo nasimuliwa. Ninachokumbuka mwenyewe ni kuweka spana kwenye begi, halafu kinachofuata ni dari ya chumba cha shangazi. Katikati hapo wanasema kuna wiki nyingi nilikuwa naongea, nakula uji, nawatukana manesi, na mimi sina hata siku moja ya kukusimulia. Nilipasuliwa kichwa pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, kwa sababu damu ilikuwa imevilia inabana ubongo. Mdogo wangu ana kauntabuku aliloanza kuliandika siku ileile, na ukurasa wa kwanza una namba 6 imezungushiwa duara. Ndiyo alama nilizopata kwenye kile kipimo cha fahamu. Wanaangalia kama unafumbua macho, unaongea, unasogeza mkono ukiambiwa. Mzima anapata 15, wa chini kabisa anapata 3, na kuanzia 8 kushuka unahesabiwa umeumia vibaya. Kwa hiyo nikisema niliumia kichwa sisemi niligonga kabati.

Sitaji haya ili nionewe huruma. Nayataja kwa sababu yote yalikuwa kwenye barua ya hospitali, na barua ilikuwa mezani kwa dada wa mapokezi.

Wengi wakiniona wanaangalia mguu na mkono wa kushoto, ndivyo vilivyobaki vizito. Mguu si tatizo, mguu unaonekana. Tatizo ni kumbukumbu. Ukinieleza jambo sasa hivi nalielewa vizuri kabisa, nakujibu, na utani nakutania, ila nikivuka mlango limeshaondoka. Ukinipa maelekezo matatu kwa mkupuo nitabaki na la mwisho. Halafu kuna kuchoka, si kule kwa mtu aliyebeba zege. Saa nne asubuhi nimekaa tu kwenye kiti, redio inaongea, watoto wanapiga kelele, na kichwa kinazima. Sasa mtu wa namna hiyo unamtuma peke yake akajifunze mazoezi, kisha arudi nyumbani ayafanye?

Daktari alimwambia mdogo wangu (limo kwenye daftari, kwa mwandiko wake) kwamba mazoezi ya kituoni ni kidogo tu, kazi kubwa iko nyumbani. Yarudiwe kila siku, kwa njia ileile, kwa sababu ubongo ulioumia unajifunza kwa kurudiarudia. Akasema miezi ya mwanzo ndiyo nafuu inakuja haraka, baadaye inaendelea ila mwendo wa pole, msiipoteze. Mdogo wangu akafunga genge lake la mbogamboga. Akawa ndiye kumbukumbu yangu, anakaa pembeni, anaandika na kuchora jinsi vidole vinavyokaa. Anachora vibaya sana, lakini mimi na yeye tunaelewana.

Siku za mwanzo pale kituoni tuliingia wote wawili bila shida. Halafu siku moja tunafika, mlango wa alumini una karatasi imebandikwa kwa selotepu, maandishi ya maka peni: NDUGU MWISHO HAPA.

Dada wa mapokezi alikuwa ameinama upande wa soketi, waya wa chaji mfupi, simu haachi. Mdogo wangu akamsalimia vizuri.

"Dada, habari za asubuhi. Samahani, mimi huwa naingia naye, naandika mazoezi."

"Umesoma mlangoni?"

"Nimesoma dada, ila kaka hakumbuki, ndiyo maana..."

"Kwani mgonjwa nani, wewe au yeye?"

Nikajibu mimi. Kipindi hicho maneno yalikuwa yanatoka mojamoja, lazima unisubiri. Nikamwambia ni mimi, dada, ila nikiingia peke yangu nitatoka sijui nimefanya nini. Alinisubiri? Alimwangalia mdogo wangu. "Mwambie akae pale, ataitwa." Niko mbele yake, meza tu imetutenganisha. Nikasema nasikia mwenyewe, niambie mimi. Ndipo akauliza, bado anamuuliza mdogo wangu: "Huwa yuko hivi hata nyumbani?"

Benchi zima likaangalia sakafu. Mzee mmoja aliyepooza upande, sauti yake yenyewe ya tabu, akasema mwacheni binti aingie. Hakuna aliyemjibu. Nilipokuwa natoka nyumbani, kwenye mwendokasi iliyojaa mpaka mlangoni, kijana asiyenijua aliuona mguu wangu akaniambia bro kaa hapa, akanishika mkono mpaka nikakaa. Huyo sijamlipa hata shilingi. Hawa nimewalipa kwa mkupuo, mwezi mzima, kabla.

Nikaingia peke yangu. Nikafanya. Nikatoka. Mdogo wangu akaniuliza nje, "Leo mmefanya nini, kaka?" Nikatafuta. Najua nilikuwa nimekaa mezani, najua kuna kitu nilishika. Nikamwambia mambo ya mikono. Akaandika. Nenda kaangalie daftari, ipo mpaka leo: "Mambo ya mikono?" Chini yake ukurasa mtupu. Nyumbani jioni tukakaa na mikono yetu, hatujui tuifanye nini.

Niseme ukweli, chumba chao ni kidogo. Kuna wagonjwa wanakuja na ukoo, shangazi, mashemeji, mtoto analia, kila mmoja anatoa ushauri. Kuna akina mama wanafanya mazoezi wamejilegeza nguo, hawataki macho. Hilo naelewa, na mwenye kituo akinieleza hivyo nitamsikiliza. Lakini wiki hiyohiyo mteja mmoja mwenye gari kaingia na mkewe na dereva kabeba pochi, karatasi ikiwa palepale mlangoni. Yeye ndugu zake hawana mwisho?

Najua kitakachosemwa. Watasema ni hasira za mtu aliyeumia kichwa. Na ni kweli, hapa nyuma ya paji la uso ndipo penye breki ya mtu, na yangu iliumia. Nawaka haraka, nacheka pasipostahili, nasema kitu kabla sijakipima. Wa nyumbani wameshajua, nikianza kuwaka mmoja ananiambia kaka twende nje tukaangalie mtungi wa maji, tunatoka, inapita. Mtu wa mapokezi ya kituo kinachotibu watu wa namna yangu naye alipaswa kulijua hilo kuliko mama yangu. Tena mdogo wangu kichwa chake kizima, hakijawahi kuguswa, na alilia kwenye bajaji mpaka Magomeni.

Nikagoma. Nikasema siendi tena, na sikwenda. Zile siku nilizogoma wakazikata kwenye malipo yangu kama nimehudhuria. Kuuliza, mhasibu katoka. Kurudi, mhasibu yuko benki. Mhasibu wa pale nadhani ni wa hadithi.

Sasa ndiyo nafika pagumu, kwa sababu kuna yule dada wa mikono.

Kazi yake wanaita tiba kwa vitendo. Mazoezi ya kutembea kwenye vyuma yanafanywa na kaka mwingine, huyo wa kawaida tu. Huyu dada ana meza ndogo pembeni ya dirisha, juu yake kopo la maziwa ya unga na lundo la vibanio vya nguo. Unatumia mkono ule mzito. Unakibana kibanio kwa kidole gumba na cha shahada, unakifumbua, unakipachika kwenye ukingo wa kopo, unazunguka hivyo mpaka kopo linaota miiba. Ukimaliza unatoa vyote. Vinaruka, vinaanguka, vingine vinakubana kucha. Yeye hakimbilii kuokota. Anasubiri uiname mwenyewe, na kuinama kwenyewe ni zoezi. Nikianza sentensi anaisubiri mpaka mwisho wake. Sijui nieleze vipi hilo kwa mtu ambaye sentensi zake hazijawahi kumaliziwa na wengine.

Alipojua kazi yangu akasema kesho njoo na vifaa vyako. Nikaenda na bolti na nati kwenye kopo. Akaziweka mezani, akafunika kwa kitambaa, akaniambia nitafute inayoingia kwenye bolti hii kwa mkono wa kushoto, bila kuona. Nati ya kumi na ile ya kumi na mbili, fundi anazitofautisha kwa ncha ya kidole. Mara ya kwanza nilishika vitu kama vya mtu mwingine. Lakini ilipofika siku nikaitoa sahihi, nikaifunga mpaka mwisho, nilipiga kelele mpaka wale wa kwenye vyuma wakasimama. Siku hiyo kama ungeniomba nyota ningekupa tano na nauli ya kurudi.

Ndiye aliyenipigia nilipogoma. Si mapokezi, si mwenye kituo. Akauliza mbona kimya. Nikamwambia habari ya mlango. Akanyamaza, kisha akasema njoo, na simu ya binti ije na chaji. Nilipofika akaichukua simu ya mdogo wangu, akaingia nayo, akanirekodi zoezi baada ya zoezi, huku anaeleza taratibu: kiwiko kikae mezani, bega lisipande, akichoka mwacheni. Kupitia ukuta ule mwembamba mdogo wangu akasikia baadaye yule dada anafokewa kwa kutumia muda wa wateja wengine. Kesho yake alirekodi tena.

Zile video ndizo zilizonirudisha. Zipo kwenye simu ya mdogo wangu, ya shangazi, na za vijana watatu wa kijiweni waliojipangia zamu wenyewe bila kuombwa. Mmoja anakuja asubuhi kabla ya kazi, tunabana vibanio, ananitukana nikilegea. Jioni anakuja mwingine na maharage kwenye bakuli, nahamisha punje mojamoja. Alamu ya dawa za degedege wamenitegea kwenye simu, ikilia kijiwe kizima kinaniangalia mpaka nimeze. Mama wa chumba cha jirani yeye ndiye pua yangu. Nilipoteza kunusa kabisa, mishipa ile midogo ya harufu inakatika kichwa kikitikiswa vibaya, na si kila mtu inamrudia. Siku moja alipiga kelele dirishani, "Baba, gesi hiyo!" Mimi nimekaa pembeni ya jiko naangalia mpira. Na kazini ndivyo hivyo. Motor ikiungua fundi anaijua kwa pua kabla hajafungua kava. Sasa hivi kijana wangu ananusa, ananiambia, mimi nafungua. Tunagawana hela. Ndiyo, nimerudi kazini, nusu siku, friji za chini tu. AC za ukutani bado, ngazi sipandi.

Kwa hiyo nyota ngapi? Mdogo wangu anasema nne, anasema angalia vifungo vya shati lako nani kafunga. Nimefunga mimi. Mimi nasema mbili. Nikiangalia mkono naona tatu, nikikumbuka "huwa yuko hivi hata nyumbani" narudi moja. Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba katika yote niliyosahau mwaka ule, lile lilibaki. Basi mbili, na zote mbili ni za dada wa mikono. Akihama, ahame nazo.

Karatasi bado ipo, nimeipita wiki hii. Ukienda, uliza yule wa meza ya dirishani, lipa siku kwa siku, usikubali mkupuo, na ukilipa dai risiti hapohapo. Ndugu yako asisimame mapokezi kuomba ruhusa. Ashike chupa ya maji apitilize, akiulizwa aseme anampelekea mgonjwa maji ya kumezea dawa. Mdogo wangu anaingia hivyo siku zote sasa, na daftari liko ndani ya kanga.