Miche ya msonobari mweupe inayostahimili kutu: mizuri, ila kibandiko kinapotosha

Nimeipanda, nimeikagua msimu baada ya msimu, na ningeinunua tena. Ni miche ya msonobari mweupe wa magharibi, Pinus monticola, iliyotokana na miti mama iliyochujwa dhidi ya kutu ya malengelenge. Ugonjwa huo husababishwa na kuvu inayoitwa Cronartium ribicola, iliyoingia Amerika Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na miche kutoka Ulaya. Misonobari mieupe ya Amerika Kaskazini haikuwa imewahi kukutana nayo, ikafa kwa wingi.

Mizizi ilifika ikiwa na afya, haijajisokota, na miche ikashika upesi.

Shida ni kibandiko: "Haishikwi na kutu." Hapana, hushikwa. Vijimbegu vya kuvu hupeperuka kutoka kwenye majani ya vichaka vya jamii ya Ribes, huingia kwenye majani ya msonobari kupitia vitundu vyake vya kupumulia, kisha kuvu hushuka hadi tawini na mwishowe shinani. Ubora wa miche hii huonekana baada ya hapo. Kwenye baadhi yake niliona doa kwenye jani na mambo yakaishia papo hapo, kwa sababu seli zinazoizunguka kuvu hufa na kuinyima chakula. Mingine iliangusha majani yaliyougua mapema. Ninayoithamini kuliko yote ni ile iliyopata kidonda, gome likakizingira taratibu, na mti ukaendelea kurefuka.

Mnunuzi anastahili kuelezwa tofauti hiyo. Lile doa la haraka hutokana na jeni moja kubwa, Cr2. Linavutia kulitazama, lakini kinga ya jeni moja ni kufuli moja: kuvu ikipata ufunguo, shamba zima liko wazi. Ndivyo ilivyotokea kwa ndugu ya msonobari huu, Pinus lambertiana, mwenye jeni Cr1. Huko Happy Camp, California, miaka ya 1970, ilijitokeza aina ya kuvu iliyoishinda Cr1, na miti iliyotegemea jeni hiyo pekee ikaugua kama mingine. Kinga ya polepole, inayojengwa na jeni nyingi zenye mchango mdogo mdogo, haitoi miti isiyo na kovu. Hata hivyo ndiyo ninayoiamini, maana kuvu haiwezi kuivuka kwa badiliko moja tu.

Wanaolalamikia bei wafikirie kazi iliyo nyuma yake. Katika kituo cha Dorena, Oregon, miche huwekwa kwenye chumba chenye ubaridi na unyevu, majani ya Ribes yenye ugonjwa hutandazwa juu yake ili vijimbegu viidondokee, kisha hufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Hakuna njia ya mkato ya kujua mti upi utavumilia.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku muuzaji atakapoandika kwenye mfuko mbegu zimetoka kwa miti mama mingapi na kinga yake ni ya aina gani. Mimi nilipata maelezo hayo baada ya kuyaomba. Ukinunua, yaombe kabla ya kulipa. Na miti ikishakua, pogoa matawi ya chini, kwa kuwa maambukizi mengi huanzia karibu na ardhi, unyevu unakokawia kukauka.