TAHADHARI: kishoka anayeandikia wazee wosia, Mbeya mjini mpaka Rungwe

Jamani wenye wazazi na mababu vijijini, piga simu leo uulize swali moja tu, kuna mtu amekuja kumwandikia mzee wosia?

Kuna jamaa anajiita wakili, ana chumba pembeni ya stesheneri maeneo ya Mwanjelwa ila wateja anawafuata mwenyewe, Jumapili anawasubiri wazee wakitoka kanisani, suti ya kijivu, shikamoo nyingiii, eti usipoacha wosia kwa wakili ukifa serikali inabeba shamba. Uongo mtupu. Kwa babu yetu Tukuyu kaja mwezi wa nne, mvua ile ya kule mnaijua, akapewa chai na magimbi, akachukua laki na nusu, akaondoka na hatimiliki ya kimila ya shamba la chai na parachichi, ile ORIJINO, eti anaenda kuitunza kwenye sefu.

Juzi nimeenda kuwasalimia nikaomba niuone huo wosia. Kurasa tatu. Ya kwanza jina la babu vizuri kabisa. Ya pili babu ghafla ni mama wa watu, jina la kike, anamgawia mwanae kiwanja cha Makambako, na babu Makambako anaijua kwa dirisha la basi tu. Nikacheka mpaka bibi akanishangaa. Ya tatu ndo ikaninyamazisha, msimamizi wa mirathi ni huyo huyo kishoka, na anachukua asilimia kumi ya mali zote kabla mrithi hajagusa kitu. Chini dole gumba la babu, wino wa bluu umevuja mpaka kwenye jina lake.

Babu hajui kusoma. Mashahidi wawili, vijana wa stesheneri. Bibi alikuwa jikoni anawachemshia chai!! Kwa wosia wa kimila mtu asiyejua kusoma anatakiwa mashahidi wanne, wawepo wa ukoo na wasio wa ukoo, mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie, na anayerithi hawi shahidi. Kwa hiyo ile karatasi mahakamani ni ya kufungia maandazi, ila hati yetu anayo yeye.

Kinachoniuma ni akili ya biashara yenyewe. Ukiuziwa simu feki Kabwe kesho unarudi na simu yako mnagombana, wosia haufanyi kazi mpaka mwenyewe afe, huyu mteja wake akija kugundua kaibiwa ameshazikwa, wanaobaki wanatoana macho kwenye kikao cha ukoo na kila mtu anamshuku shangazi.

Tulimfuata. Mara faili liko Dar, mara tulipe elfu themanini ya utunzaji ndo litoke. Jina la kwenye muhuri wake tukaliulizia mahakamani, kwenye orodha ya mawakili halipo. Tumeripoti polisi, RB tunayo, hati bado.

Na alimtisha babu kwamba akishaweka dole habadilishi tena, si kweli, mtu akiwa hai na akili timamu anabadilisha wosia hata kila wiki. RITA, wale wakala wa serikali wa vizazi, vifo na mirathi, wanaandika na wanatunza wosia, ulizia ofisi ya mkuu wa wilaya, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 msaada wao ni bure, akikudai hela huyo ni kishoka mwingine tena. Babu tumeshaandika upya, safari hii bibi alikaa kiti cha mbele, akasahihisha idadi ya ng'ombe mara mbili.

Kama mzee wako alimpa hati mtu wa suti ya kijivu njoo inbox, mpaka sasa tuko familia tatu, tunataka tuende polisi pamoja. Na nyie watoto wa yule mama mwenye kiwanja Makambako, ukurasa wenu wa pili uko kwetu, angalieni kwenye wosia wa mama yenu kama kuna shamba la chai.