TAHADHARI: Wauzaji wa "seti za jeki" za slabu yenye vipandio, sampuli nzuri, mzigo hatari

Mafundi, wasimamizi wa saiti na wenye majengo mnaojiandaa kumwaga slabu yenye vipandio (sakafu ya zege inayopanda ngazi ngazi), someni hili kabla hamjatuma malipo ya awali kwa mtu yeyote. Kuna wauzaji wanaopita kwenye simu na mitandaoni wakiuza na kukodisha "seti kamili": jeki, yaani nguzo za muda za chuma zenye bomba la ndani linalotokeza kutoka la nje na kushikwa kwa pini na nati, za kushikilia fomu (mbao zinazomwagiwa zege), pamoja na mabano ya kubana ubao unaozuia zege kwenye kipandio. Jina la biashara wanalibadilisha kila mara, kwa hiyo kulijua hakutawasaidia. Nitaeleza wanavyofanya kazi na mzigo wao ulivyo, na kwa hayo mtawatambua.

Mzigo wao nimeupokea, nikaupima, nikaukataa. Malipo ya awali hayajarudi hadi leo. Lakini sababu kubwa ya kuandika ni kwamba kile kilichoshushwa kutoka kwenye lile gari kilikusudiwa kukaa chini ya zege bichi huku watu wakitembea juu yake, na ukikitazama kwa mbali kilikuwa kizuri kabisa.

Kwanza wanakuletea sampuli. Ni jeki moja nzito, uzi wake msafi, nati inazunguka vizuri, pini imefungwa kwa mnyororo wake, kitako kimechomelewa pande zote. Mtu yeyote anayejua kazi ataikubali. Pamoja nayo inakuja karatasi ya kiwandani yenye mhuri, imeandikwa unene wa bomba milimita 3.2 na uwezo wa kubeba "tani 3". Kisha wanauliza swali ambalo mwanzoni linaonekana la kawaida: slabu inamwagwa lini? Wakishajua tarehe wanaomba nusu ya pesa, halafu mzigo unachelewa na kuchelewa mpaka unafika jioni ya mwisho, giza linaingia, mashine ya zege imeshaagizwa na vibarua wameshaitwa. Dereva hajui lolote, anachotaka ni sahihi yako kwamba umepokea vifaa "katika hali nzuri", na anaitaka kabla hajashusha. Wanategemea kwamba saa hiyo hutakuwa na moyo wa kuahirisha kazi.

Usitie sahihi. Washa taa, shusha jeki chache kutoka katikati ya mzigo, si zile za juu, uzipime.

Nilichokikuta katikati ya mzigo wangu ni hiki. Rangi ilikuwa mpya na inang'aa, lakini ukikwaruza kwa ufunguo, chini yake kuna kutu iliyokwisha kula chuma na kuacha vishimo. Kwenye mdomo wa bomba la nje walichomelea pete kwa ndani, kwa hiyo ukichungulia unaona ukuta mnene wa kuridhisha. Unene halisi unaonekana kwenye matundu ya pini ya bomba la ndani: pima ukuta wenyewe hapo kwenye ukingo wa tundu kwa kipimio cha fundi chuma. Karatasi ilisema 3.2, kipimio kikasema 1.8. Baadhi ya mabomba yalikuwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa kuchomelea na kusawazishwa kwa msasa, na huwezi kuona kiungo mpaka upitishe kidole polepole. Na pini karibu zote zilikuwa vipande vya nondo vilivyokatwa na kukunjwa kichwa.

Hili la pini nitalisemea zaidi kwa sababu mafundi wengi wamelizoea. Pini ya jeki ndiyo inayopokea uzito wote kutoka bomba la ndani na kuukabidhi kwenye nati. Ni kipande kidogo, na hakuna kingine kinachosaidiana nacho. Pini ya kiwandani imetengenezwa kwa chuma kilichochaguliwa kwa kazi hiyo, nene kiasi cha kujaza tundu bila kucheza. Nondo nyembamba iliyopenyezwa humo inakaa kwenye ncha za mbavu zake, inapinda, inachimba tundu, na ikikatika jeki yote inashuka kwa mkupuo mmoja. Jirani zake zinabebeshwa mzigo ambao hazikupangiwa. Fomu nyingi huanza kuanguka hivyo, kwa jeki moja iliyoachia.

Sasa hiyo "tani 3". Muuzaji anayekutajia uwezo wa jeki bila kukutajia urefu wake amekwisha kukudanganya, hata kama jeki yenyewe ni nzima. Nguzo nyembamba inayobanwa kutoka juu hushindwa kwa kupinda, na kadiri unavyoirefusha ndivyo inavyopinda mapema. Kwa nguzo nyembamba, urefu ukizidi mara mbili, nguvu ya kuhimili kupinda hushuka hadi robo. Kiwango cha Ulaya cha jeki hizi, EN 1065, kinazigawa kwa madaraja kuanzia A hadi E, na kwa madaraja A, B na C uwezo unahesabiwa kufuatana na urefu uliotumika. Chukua jeki ya daraja A yenye urefu wa juu wa mita 3.5. Ukiifungua hadi mwisho, uwezo wake salama ni takriban kilo 900. Ukiifungua hadi mita 2.5 tu, unapata karibu kilo 1,760. Hata ikiwa fupi kabisa haifiki tani 3, inaishia kama tani 2.7. Na hesabu hiyo ni ya jeki iliyonyooka, yenye bomba lisilopungua unene, pini yake mwenyewe, na iliyosimama wima. Ya milimita 1.8 iliyoliwa na kutu haipo kwenye jedwali lolote.

Linganisha na kinachokaa juu yake. Zege lenye nondo lina uzito wa karibu kilo 2,500 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo slabu ya milimita 150 inaleta kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Ongeza mbao, watu, toroli na zege linalorundikwa kabla ya kusambazwa, utafika kilo 600 na kitu. Ukipanga jeki kila baada ya mita 1.2 kila upande, kila moja inabeba eneo la mita za mraba 1.44, yaani kama kilo 900. Hapo jeki nzima ya daraja A iliyofunguliwa hadi mita 3.5 imeshafika mwisho wake, na kipandio bado hatujakigusa.

Kwenye kipandio ndiko wanakowakamata wengi, maana seti yao wanaitangaza kwa ajili ya slabu za namna hiyo: jukwaa la kukalia watazamaji, ukumbi wenye sakafu ya ngazi ngazi, nyumba iliyofuata mteremko wa kiwanja. Mahali slabu ya milimita 150 inapopanda kwa kipandio cha milimita 300, kina cha zege kwenye makutano kinafika milimita 450. Uzito hapo ni zaidi ya kilo 1,100 kwa mita ya mraba, mara tatu ya sehemu nyingine. Mstari huo unahitaji jeki zake zilizosogezwa karibu karibu. Wao kwenye mchoro wao wamepanga nafasi ileile mwanzo hadi mwisho, "ili seti itoshe". Tena jeki za upande wa juu ni ndefu zaidi kwa hizo milimita 300, na ile ya mfano wetu, kutoka mita 3.2 hadi 3.5, inapoteza karibu moja ya sita ya uwezo wake. Sehemu iliyo dhaifu ndiyo inayoongezewa mzigo.

Kisha kuna mabano. Haya ni vipande vya chuma vyenye umbo la herufi L vinavyofungwa kwa bolti ubavuni mwa jeki ili vishike ubao wa kipandio. Wanasema kwa mabano haya "huhitaji brasi", yaani vipande vya mshazari vya kukaza fomu na jeki. Hakuna maneno yao yaliyonitisha kuliko hayo. Zege bichi linasukuma pembeni kama maji yanavyosukuma, na kwa ukuta wa milimita 300 msukumo huo ni takriban kilo 115 kwa kila mita moja ya urefu wa kipandio. Kipandio cha mita 10 kinasukumwa na zaidi ya tani moja, kwa mlalo. Jeki imetengenezwa kubeba kutoka juu kwenda chini. Ukiifungia bano ubavuni na kulipakia msukumo huo, unaikunja kabla hata haijapata uzito wake halali. Ubao wa kipandio unatakiwa kushikwa na mbao za kukingama zilizoegemea fomu pande zote mbili, ukaze kwa vipande vya mshazari, na jeki zenyewe ziunganishwe kwa mabomba na klampu kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, mpaka zifike kwenye nguzo au ukuta uliokwisha kukomaa. Kanuni ya Uingereza ya miundo ya muda ya kusaidia ujenzi, BS 5975, haitaki jeki iegemee zaidi ya milimita 25 kwa kila mita ya kimo. Kwa hiyo timazi iwe mkononi, na iwe hivyo tena wakati zege linamwagwa, kwa sababu kipandio kikianza kusukuma ndipo jeki zinapoanza kulala.

Mabano yenyewe niliyapinda kwa kuegemea bomba refu. Sikutumia nguvu nyingi.

Kuna jambo jingine wanalolisema ili uone seti yao ni nafuu: kwamba jeki utazitoa baada ya siku 3 na kuzipeleka ghorofa linalofuata, hivyo seti moja inamaliza jengo zima. Nawaomba sana, msiwasikilize. Tarehe 2 Machi 1973 jengo la Skyline Plaza, Bailey's Crossroads katika jimbo la Virginia, Marekani, liliporomoka likiwa linajengwa na wafanyakazi 14 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba nguzo za muda za ghorofa la 23 ziliondolewa kabla zege halijapata nguvu. Muda wa kuacha jeki anautoa mhandisi wa jengo kwa kuangalia aina ya saruji, hali ya hewa na matokeo ya vipimo vya zege lenyewe. Muuzaji wa vyuma hana sauti kwenye jambo hilo.

Mkitaka kununua au kukodi kwa mtu yeyote, mizani ni rafiki yenu kuliko karatasi. Bomba la nje la kipenyo cha milimita 60.3 lenye unene wa 3.2 lina uzito wa kilo 4.5 kwa mita, na la unene wa 1.8 ni kilo 2.6 tu. Lile la ndani la milimita 48.3 ni kilo 3.6 dhidi ya 2.1. Tofauti hiyo rangi haiwezi kuificha, na pete ya mdomoni haiongezi uzito wa kukudanganya. Andikeni kwenye makubaliano uzito wa jeki moja, unene wa bomba, daraja lake na jedwali la uwezo kwa kila urefu, na kwamba malipo yanakamilika baada ya kupima mzigo wote, si sampuli. Mzigo ufike siku kadhaa kabla ya kumwaga. Muuzaji wa kweli hatakataa hayo. Huyu wangu alipoombwa jedwali la uwezo kwa urefu alituma picha ileile ya karatasi yenye mhuri, na nilipouliza tena, simu ikazimwa. Baadaye niliona karatasi hiyohiyo, mhuri uleule na mkunjo uleule kwenye kona, ikitumiwa na tangazo lenye jina jingine.

Wale mliokwisha kutuma pesa, hifadhini ujumbe wote, risiti za malipo na picha za mzigo ukiwa bado kwenye gari, mkatoe taarifa polisi. Msikubali kubadilishiwa "jeki chache mbovu" na kubaki na nyingine. Zimechanganywa makusudi.

Na kama jeki zao tayari zimesimama chini ya slabu yako, fanya hivi. Zege likiwa halijamwagwa, simamisha kazi, zitoe, hata kama nondo zimeshafungwa na vibarua wanasubiri. Likiwa limeshamwagwa, usizigonge, usizikaze, usijaribu kuzibadilisha moja moja. Ondoa kila mtu chini na juu ya slabu, funga njia za kuingilia, umwite mhandisi. Yeye ndiye ataamua kama kuna usalama wa kuingia na kuongeza jeki nzima pembeni ya zile mbovu, na kwa mpangilio upi. Zile mbovu ziacheni zilivyo mpaka yeye aseme.