HD 600 Ikifika Amu: Bei, Sauti na Chumvi ya Bahari

Hedifoni za Sennheiser HD 600 zilitoka mwaka 1997 na mpaka leo zinatengenezwa, kwa umbo lile lile na vipuri vile vile. Katika biashara ambayo kila baada ya miaka michache bei inaongezewa ghorofa, hilo ni jambo zito. Hapa tunazipima zikiwa zimeshuka gatini Amu (Lamu, pwani ya Kenya), si zikiwa kwenye rafu ya duka la Ujerumani: zimekula pesa ngapi hasa, zinalia vipi, na hewa ya bahari itazifanya nini. Kauli tunaitoa mapema. Kwa mtu wa mwambao anayependa sauti safi, hapa ndipo pa kusimama. Ukipanda zaidi, sehemu kubwa ya pesa inanunua vitu ambavyo unyevu utavila kabla hujavifaidi.

Mwaka 2009 Sennheiser walipotoa HD 800 kwa dola 1,400 hivi, wapenzi wa sauti walishika vichwa. Mwaka 2016 Focal wa Ufaransa wakaleta Utopia kwa dola 4,000, na toleo lake la 2022 likatoka kwa 5,000. Katikati hapo, mwaka 2017, HiFiMan wakaweka Susvara sokoni kwa dola 6,000. Juu ya wote imekaa Sennheiser HE 1, ambayo ni zaidi ya dola 50,000. Sababu nyingine za kupanda huku ni za haki. Utando wa Utopia, kile kipande chembamba kinachotikisika kutoa sauti, ni beriliamu tupu, madini mepesi na magumu ambayo vumbi lake ni sumu, kwa hiyo karakana inayoyashughulikia lazima iwe na ulinzi wa pekee. Hedifoni hizi pia hutengenezwa chache, na kazi kubwa ni ya mikono. Lakini kuna sababu ya soko tu: aliyeona mwenzake anauza elfu nne na watu wananunua, hakuona haya kutaja elfu sita.

Na je, sauti inapanda pamoja na bei? Mtafiti Jeroen Breebaart alichukua vipimo vya hedifoni 283 na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Hakukuta uhusiano kati ya bei na namna hedifoni inavyogawa besi, sauti za kati na sauti za juu. Si kwamba za ghali zote ni mbaya. Ni kwamba lebo ya bei haikuambii chochote kuhusu mlio, na anayenunua kwa kufuata bei ananunua gizani.

Sasa hesabu ya kufikisha Amu, ambayo wengi huifanya nusu. HD 600 Marekani hucheza kati ya dola 300 na 450 kutegemea msimu. Tuseme 400, na usafiri 40. Kwa dola moja shilingi 129, hiyo ni 56,760. Ukichukulia ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao hutozwa bidhaa nyingi zilizokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaongeza 14,190. Ada ya IDF (fomu ya kutangaza mzigo unaoingia nchini) ni asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, zote mbili juu ya thamani ya mzigo: 1,419 na 1,135. VAT ya asilimia 16 haipigwi juu ya mzigo peke yake, inapigwa juu ya mzigo pamoja na ushuru, kwa hiyo ni 11,352. Jumla 84,856. Kwa kifupi, chukua bei na usafiri, zidisha kwa 1.495. Kabla ya kulipa mwulize wakala kiwango cha forodha cha bidhaa yenyewe, kwa sababu hicho kikibadilika hesabu yote inasogea. Mapema 2024, dola ilipogusa shilingi 160, mzigo huu huu ungefika kwa karibu laki moja na elfu tano bila mtengenezaji kupandisha hata senti. Utopia ya dola 5,000, hata kwa dola ya shilingi 129, inakaribia shilingi milioni moja. Halafu bado basi hadi Mokowe na boti ya kuvuka. Na dhamana uihesabu kuwa haipo, kwa sababu kuirudisha hedifoni iliyoharibika ni safari hiyo hiyo kinyumenyume, kwa pesa yako.

Bahari ndiyo inayoamua zaidi. Hedifoni za umemetuli, zile za Stax kwa mfano, huchaji utando wao mwembamba kwa volti 580. Hewa yenye maji hupitisha chaji ikavuja. Upande mmoja unaanza kufifia, au unatoa mlio mwembamba usioisha, na msimu wa mvua hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi hapa pwani, hizo hatuzipendekezi kabisa. Za utando bapa (planar) zina sumaku kubwa, na hapo shida ni mbili. Ya kwanza ni uzito: Audeze LCD-4 inakaribia gramu 700, na kichwa chenye jasho hakibebi mzigo huo saa mbili. Ya pili ni mchanga. Mchanga mweusi wa pwani kama ule wa Mambrui, juu ya Malindi, una madini ya titani yaliyochanganyika na chuma. Chembe yenye chuma ikiingia kwenye mkoba, sumaku itaivuta mpaka kwenye wavu wa kispika, na kuitoa pale ni kazi ya subira. Mito ya masikioni ya ngozi halisi huota kuvu. Ya ngozi bandia hutoka magamba, kwa sababu maji ya hewani yanavunjavunja plastiki yake hata kama hujaivaa.

HD 600 haina ngozi popote. Mito yake ni ya mahameli, uzito wake gramu 260 bila waya, na mgongo wake ni wavu wazi unaopitisha hewa, kwa hiyo sikio halitoki jasho haraka.

Mlio wake umejengwa juu ya sauti za kati, na muziki wa kwetu unakaa hapo hapo. Udi ukipigwa, unasikia kijiti kinavyogusa uzi kabla ya noti yenyewe kuvimba. Nai inatanguliza pumzi. Kwenye kasida unatenganisha khe na ghaini bila kukaza sikio, hata rekodi ikiwa ya kaseti iliyochakaa. Kwa sauti ya binadamu hatujui hedifoni ya chini ya dola 1,000 inayosema ukweli kuliko hii. Mapungufu yapo. Chini ya herzi 70 hivi besi inashuka, kwa hiyo msondo na ngoma kubwa zinasikika zimepigwa, lakini kifua hakizihisi. Uwanja wa sauti pia ni mdogo: kundi kubwa la taarabu lenye violini, akodioni na kanuni linabanana karibu na paji la uso. HD 800 inalitawanya kundi hilo vizuri zaidi, na huo ni ubora wa kweli ambao pesa inaununua.

Besi inarekebishika. Kwenye simu ya Android weka programu ya Wavelet, au kisawazishi chochote chenye mikanda, uinue sauti zote zilizo chini ya herzi 90 kwa desibeli 4. Kisha shusha sauti ya jumla kwa desibeli 4 hizo hizo. Hatua hii ya pili ndiyo watu husahau, wakapata mkwaruzo kila ngoma inapolia, wakailaumu hedifoni. Usizidishe desibeli 5: kispika hiki kikisukumwa sana chini ya herzi 50 kinaanza kuchafua sauti.

Kuhusu nguvu, usitishwe na ohm 300, yaani ukinzani wa HD 600 kwa umeme. Maana yake ni kwamba inataka volti kuliko mkondo. Inatoa desibeli 97 kwa volti moja. Adapta ndogo ya USB-C yenye volti 1 inatosha kwa muziki wa kisasa uliorekodiwa kwa kelele, lakini rekodi za zamani zilizo chini utazifikisha mwisho wa sauti na bado utataka zaidi. Tafuta adapta au amplifaya inayotoa volti 2 au zaidi, hapo umepata desibeli 6 za ziada na huna haja ya kununua kingine. Tahadhari moja: adapta ya Apple kwenye simu nyingi za Android hubaki chini ya nguvu yake kamili, kwa hiyo mtu hudhani HD 600 haiwezekani bila mashine kubwa. Amplifaya za taa (zenye vali za kioo) ni hadithi nyingine. Karibu na herzi 100 ukinzani wa hedifoni hii hupanda kupita ohm 500, na amplifaya yenye ukinzani mkubwa wa kutoa itavimbisha besi ya hapo. Wapo wanaoipenda. Ni ladha, si usahihi. Linganisha yote haya na Susvara, ambayo kwa desibeli 83 kwa kila miliwati inadai nusu wati kufikia desibeli 110. Ukishainunua, unaanza upya kutafuta amplifaya.

Kinachoifanya HD 600 idumu mwambao ni kwamba inafunguka kwa mikono. Mto unatoka kwa kuingiza kidole kwenye ukingo wake na kuuvuta taratibu kwa kuzunguka, vibanio vya plastiki vikiachia kimoja kimoja. Chini yake kuna sifongo jembamba jeusi la duara. Liinue, na kispika chenyewe kinaonekana. Unywele mmoja ukipenya na kulala juu ya utando, kila noti ya chini inaleta mvumo kama wa nzi ndani ya kopo, na wengi hapo hutangaza kispika kimekufa. Uondoe unywele kwa kibano cha plastiki. Cha chuma kitavutwa na sumaku na kitatoboa utando kabla hujaurudisha mkono.

Waya unachomoka kila upande, kwa pini mbili zisizolingana unene ili usiugeuze. Pini hizi ndizo chumvi inazishambulia kwanza. Upande mmoja ukikatika na kurudi ukiutikisa waya, usikimbilie kununua mwingine: chomoa, futa pini kwa pamba na spiriti ya asilimia 99, acha zikauke dakika kumi, chomeka na kuchomoa mara tano. Spiriti ya kawaida ya dukani ina maji mengi na inaweza kuacha unyevu ndani ya tundu.

Mito inakandamizika baada ya mwaka mmoja au miwili ya matumizi ya kila siku, sikio linakaribia kispika, na mlio unakuwa mzito na wa kubanana. Kuioga kunasaidia kiasi: maji vuguvugu, sabuni laini, bila kukamua, kisha kivulini siku nzima. Ikilala kabisa, nunua mingine, na uagize jozi mbili kwa mpigo mmoja kwa sababu usafiri ndio unaouma. Zikiwa mpya hedifoni hizi hubana kama koleo. Vuta vyuma vya kurefusha vitoke nje, uzivalishe kwenye rundo la vitabu lililo pana kidogo kuliko kichwa, uziache usiku mmoja. Chuma ndicho kikunjike. Ukilazimisha plastiki ya utosini itapasuka.

Zisipotumika zikae kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha mpira, pamoja na gramu 100 za silika jeli ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani imeshiba maji: ianike kwenye sinia ndani ya oveni kwa nyuzi 110 mpaka rangi irudi. Mchele haufanyi kazi hiyo, na vumbi lake linaingia kwenye wavu.

Ukinunua za mkononi, za mtu wa Malindi au Mombasa, nenda na mita ya fundi. Waya ubaki kwenye hedifoni lakini uchomolewe kwenye simu au amplifaya, weka mita kwenye ohm, gusa ncha ya plagi na shina lake: isome karibu na 300. Kwa upande wa pili gusa pete ya katikati ya plagi na shina. Pande mbili zikipishana sana, kispika kimoja kimebadilishwa au kimeumia. Ikisoma 32, hiyo si HD 600, hata kama jina limeandikwa vizuri namna gani.

Kuna wasiofaa kuzinunua. Mgongo wazi unaingiza kila sauti. Ndani ya nyumba ya mawe yenye kuta nene za matumbawe, usiku, ni raha tupu. Chini ya feni inayokwenda kasi, au dirisha linaloelekea gatini ambako mashine za boti hazinyamazi, nusu ya unachokilipia inapotea. Mtu wa mazingira hayo achukue Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 80, ambayo imefungwa na ina mito ya mahameli pia. Ubaya wake ni waya uliolehemiwa ndani, ukikatika ni kazi ya fundi mwenye chuma cha moto. DT 770 Pro X ya mwaka 2024 imetatua hilo kwa waya wa kuchomoka. Sikio litapata joto zaidi, na udi hautasogea karibu vile, lakini feni haitakuwemo kwenye wimbo.