Kusawazisha Kanzidata kwa Kazi Isiyo na Mtandao: Ipi Uchukue, Ipi Uiache

Wauzaji wa programu za kusawazisha data wana onyesho moja wanalolipenda: simu mbili mezani, unaandika neno kwenye hii, linatokea kwenye ile papo hapo. Usinunue kwa onyesho hilo. Mtandao ukiwepo, karibu kila programu inasawazisha. Mwambie muuzaji azime mtandao kwenye simu zote mbili, abadilishe rekodi ileile huku na huku, aifute kabisa nyingine upande mmoja huku upande wa pili anaihariri, kisha awashe. Kitakachotokea hapo ndicho unacholipia.

Chukua ghala lenye katoni 40. Muuzaji wa kwanza, hana mtandao, anauza 3. Simu yake inaandika 37. Wa pili naye, hana mtandao, anauza 5. Yake inaandika 35. Wakirudi hewani, mfumo unaomwamini aliyeandika mwisho utabakiza ama 37 ama 35, na hutaona onyo lolote. Zilizobaki ghalani ni 32. Dawa yake haiuzwi: usihifadhi idadi iliyobaki, hifadhi kila mauzo kama rekodi yake, hesabu ije baadaye. Na namba za rekodi usiziache zijiongeze zenyewe, maana simu mbili zisizoonana zitatoa ankara mbili zenye namba moja. Tumia UUID, yaani namba ndefu ambayo kila simu hujitengenezea bila kugongana na nyingine.

Hayo yakishakaa sawa, programu nne nimezipanga kwa maswali mawili: mgongano (rekodi moja kubadilishwa huku na huku) unaishaje, na siku ukihama unaondoka na nini.

1. SymmetricDS

Kama tayari una kanzidata za aina tofauti, tuseme Oracle makao makuu, MySQL matawini na SQLite kwenye vifaa vya mkononi, anzia hapa. Ni programu huria iliyoandikwa kwa Java, chini ya leseni ya GPL, na kampuni ya JumpMind inauza toleo la kulipia lenye msaada wa kiufundi. Inaweka triga (msimbo unaojiendesha kila data inapobadilika) kwenye majedwali yako. Kila badiliko linanakiliwa kwenye jedwali lake la pembeni, linafungashwa kwa mafungu na kutumwa kwa HTTP. Fungu ambalo upande wa pili haujathibitisha kulipokea hutumwa tena, hivyo mtandao ukikatika katikati ya safari hakuna kinachopotea. Kanuni za mgongano unaziweka mwenyewe, jedwali kwa jedwali.

Ubaya wake ni usanidi. Nodi (kila kanzidata inayoshiriki), chaneli (makundi ya data), triga na ruta (njia za data) zote zinasanidiwa ndani ya majedwali, na anayeanza atatoka jasho. Pia triga zinaongeza kazi kila unapoandika, kwa hiyo jedwali linaloandikwa mfululizo lipime kwanza. Lakini ukiamua kuiacha, data yako iko palepale ilipokuwa, katika SQL ya kawaida. Ndiyo maana iko ya kwanza.

2. CouchDB na PouchDB

Kwa programu mpya, inayoanza bila mzigo wa zamani, hii pengine ingekuwa juu. CouchDB ipo tangu 2005, iko chini ya shirika la Apache, na PouchDB ni ndugu yake anayeishi ndani ya kivinjari. Ninachokipenda ni adabu yake kwenye mgongano: nodi zote humchagua mshindi yuleyule bila kuulizana, na toleo lililoshindwa halitupwi. Linabaki, likingoja programu yako ilisome na kuamua. Wengi hawaandiki kabisa sehemu hiyo ya msimbo, halafu wanalalamika kwamba data imepotea wakati imelala humohumo.

Angalia mambo mawili. Hifadhi ya kivinjari si sanduku la chuma: tangu 2020 Safari hufuta data ya tovuti ambayo mtumiaji hakuigusa kwa siku 7 za kutumia kivinjari. Na kama ripoti zako zinategemea kuunganisha majedwali mengi, nyaraka za JSON, ambazo CouchDB hutumia badala ya majedwali, zitakuchosha.

3. PowerSync

Inafuata mabadiliko ya kanzidata ya seva, Postgres (MySQL na MongoDB pia), na kuyashusha kwenye SQLite ya simu, kila mtumiaji akipata sehemu yake tu. Kuandika kunaingia kwenye foleni ya simu, kisha kunapita kwenye seva yako mwenyewe. Hilo ni jema, kwa sababu ukaguzi na ruhusa zinabaki mikononi mwako, lakini pia ina maana unanunua nusu ya kazi. Nusu ya pili, pamoja na kanuni za mgongano, unaiandika wewe.

4. Firestore

Ni kanzidata ya Google, na ni rahisi kuanza nayo kuliko zote. Kwenye Android na iOS hifadhi ya bila mtandao imewashwa tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba simu inashika tu kile ilichokwisha kusoma, si nakala kamili. Miamala (mabadiliko kadhaa yanayofanyika yote kwa pamoja au yasifanyike kabisa) hushindwa bila mtandao. Na kwenye mgongano wa kawaida aliyeandika mwisho ndiye hushinda.

Halafu bili. Google hutoza kwa kila waraka unaosomwa, na msikilizaji wa data (sehemu ya programu inayongoja mabadiliko) akikatika kwa zaidi ya dakika 30, akirudi unatozwa kana kwamba umeomba data hiyo upya kabisa. Kwa watu wanaoshinda porini bila mtandao, huko ndiko kukatika kwa kila siku. Piga hesabu kabla ya kuingia, hasa kama orodha zako ni ndefu.

Usiyonunua

Ukikuta mafunzo yanayokushauri utumie usawazishaji wa Realm, kanzidata ya ndani ya simu, pita. MongoDB iliinunua Realm 2019, ikatangaza kuachana na huduma hiyo 2024, na ikaizima Septemba 2025. Parse nayo, huduma ya kuhifadhi data za programu za simu, ilifungwa 2017 baada ya kununuliwa na Facebook. Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, toa data yote nje na uifungue kwenye kanzidata nyingine. Muuzaji asiyeruhusu jaribio hilo mwache.

Kujiandikia mwenyewe? Inafaa pale data inaposhuka tu, kwa mfano orodha ya bei ambayo simu haiibadilishi. Weka safu ya muda wa badiliko unaotolewa na seva, si saa ya simu, na rekodi iliyofutwa itie alama badala ya kuiondoa, la sivyo simu hazitajua kwamba imefutwa.