Kikapu cha wiki kutoka kwa wakulima wa karibu: uzoefu wangu wa msimu mzima

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Unalipa mwanzoni mwa msimu, kisha kila wiki unakwenda kituoni kuchukua kikapu cha mazao yaliyovunwa na wakulima wa jirani. Hupewi orodha ya kuchagua. Kilichokomaa shambani wiki hiyo ndicho utakachokula.

Hapo penye kutochagua ndipo watu wengi wanapochomoka, na nusura nami nichomoke. Nimezoea kuamua nitapika nini, kisha ndiyo niende kununua. Kikapu kinageuza mambo: kinatua mezani kwanza, halafu wewe unakuna kichwa. Sikutarajia kuipenda kazi hiyo ya kukuna kichwa, lakini sasa ndiyo ninayoingojea kuliko kula kwenyewe.

Mpango wa namna hii si wa jana. Huko Japani ulienea miaka ya 1970 kwa jina la teikei, familia za mjini zikiingia makubaliano na mkulima moja kwa moja. Marekani, mashamba mawili ya Massachusetts na New Hampshire yaliuanza mwaka 1986, na Ufaransa ikafuata na wa kwake mwaka 2001. Kwa nini ulipe kabla hujaona hata jani moja? Kwa sababu mkulima anahitaji pesa wakati wa kununua mbegu na mbolea, na wakati huo hana cha kuuza. Ukilipa mapema unabeba naye na hasara pia. Mvua ya mawe ikipiga, kikapu kinapungua na hurudishiwi kitu. Lielewe hilo kabla hujatoa pesa, maana kituoni nimeshuhudia watu wakigomba kwa jambo lililoandikwa wazi kwenye makubaliano.

Sasa tuje kwenye ladha, maana ndiyo iliyonifunga hapa.

Nianze na nyanya. Nyanya ya kusafiri mbali huchumwa ikiwa bado kijani, au imeanza tu kugeuka rangi, ili isipasuke njiani. Ikifika hupulizwa gesi ya ethilini, ileile ambayo tunda hutoa lenyewe linapoiva, nayo inakuwa nyekundu. Lakini sukari ilikuwa ikiingia kupitia kikonyo, na kikonyo kilishakatwa. Wekundu unapatikana, utamu unabaki shambani. Mkulima wa karibu anaweza kuiacha mpaka iivie mtini, kwa kuwa itasafiri saa chache tu. Nilizoea kuongeza nyanya ya kopo kila nilipounga mchuzi, ili upate rangi na uzito. Siku hizi nakaanga vitunguu taratibu, natia nyanya hizi zilizokatwakatwa, chumvi, nafunika. Zinayeyuka zenyewe, mafuta yanapanda juu, na hamu ya kumimina viungo vingi inaniisha. Ila usizitie kwenye friji! Chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi nyanya hupoteza harufu yake, na ukiitoa nje hairudi yote. Ziache mezani, upande wa kikonyo ukiangalia chini.

Mahindi mabichi na njegere ndivyo vilivyonifundisha haraka. Vikishavunwa, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha mambo. Ndiyo maana hindi lililolala dukani linatafunika kama unga. Siku ya kikapu, hivyo viwili vinaingia jikoni kwanza, hata kabla sijavua viatu. Njegere naziosha, nazitupia kwenye maji yanayotokota, na zikishaiva tu nazitoa. Watoto wanazimaliza sahanini kabla hazijafika mezani, jambo ambalo za gunia hazijawahi kulipata nyumbani kwangu.

Maharage makavu nilidhani hayana habari ya ujana wala uzee. Kumbe yanayo. Yaliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto na unyevu huwa magumu, unachochea moto mpaka gesi inakaribia kuisha na bado yanagonga jino. Ya msimu huu yakilowekwa usiku kucha yanaiva sawasawa, na rojo lake linakuwa zito bila kuponda. Nyanya au limau nayatia yakishalainika, kwa sababu uchachu huzuia ganda kulegea.

Mayai yana vituko vyake. Wengi wetu tunaamini yai likiwa jipya kabisa ndilo bora kwa kila kitu, kisha tunalichemsha na kulimenya likiwa limejaa mashimo. Ute wa yai jipya hushikana sana na utando wa ndani ya ganda. Linapokaa, hewa ya kaboni dioksidi hupenya na kutoka kwenye ganda, ute unabadilika, na ndipo linapomenyeka vizuri. Kwa hiyo mayai ya kikapu cha leo nayakaanga, na yaliyobaki kutoka kikapu kilichopita ndiyo ninayochemsha.

Raha nyingine haimo ndani ya kikapu. Ni kuongea na aliyelima. Siku moja nilikuwa nakata majani ya biti ili niyaache palepale kituoni nipunguze mzigo. Mkulima akanitazama akacheka: “Ndugu yangu, hayo majani ndiyo ninayokula mimi nyumbani, mizizi nawauzia ninyi.” Akanieleza niyachemshe kidogo, niyakamue maji, kisha niyaunge kwa kitunguu na kitunguu saumu. Tangu hapo mizizi ndiyo inayosubiri zamu. Kwa muuzaji wa kawaida ningeuliza nani? Anajua bei na anajua lori linakuja lini, basi.

Kuhusu mazingira nitasema neno langu hata kama litawaudhi wenye mpango. Kipeperushi chao kinadai kwamba kununua karibu kunaokoa dunia kwa sababu chakula hakisafiri. Weber na Matthews, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walipima jambo hilo kwa kaya za Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Usafirishaji wote kwa jumla ulichangia asilimia 11 hivi ya gesi joto, yaani zile zinazoipasha dunia joto, zinazotokana na chakula, na safari ya mwisho ya kutoka kwa mzalishaji hadi dukani asilimia 4 tu. Sehemu kubwa inatoka kwenye kuzalisha chakula chenyewe. Nyanya ya jirani iliyokuzwa kwenye banda linalopashwa joto kwa mafuta inaweza kuchafua hewa kuliko ya mbali iliyoota juani. Mimi nanunua kwa ajili ya ulimi wangu, na kwa kuwa pesa yangu inafika mkononi mwa ninayemjua. Sababu hizo mbili zinanitosha.

Kasoro zipo. Muda wa kuchukua kikapu ni mfupi na hausogei. Ukichelewa, kinagawiwa wengine. Udongo ni mwingi, hasa mvua zikinyesha, na kuchambua mboga za majani kunakula jioni nzima. Ujumbe wa kueleza kilichomo hufika usiku wa kuamkia siku ya kuchukua, wakati wa kupanga chochote umeshapita. Na kuna kipindi shamba linatoa kitu kimoja tu. Kwangu ilikuwa kabichi, wiki baada ya wiki, mpaka mtu nyumbani akauliza kama tumeadhibiwa. Nikaanza kuichachusha: naikatakata nyembamba, natia gramu 20 za chumvi kwa kila kilo, naikanda mpaka itoe maji yake, naishindilia kwenye chupa ya kioo izame kabisa ndani ya maji hayo. Bakteria wanafanya kazi iliyobaki. Inakaa muda mrefu, na inafaa pembeni ya chochote chenye mafuta.

Hasara kubwa ya kikapu ni kuoza kwa vitu, na hiyo haitokani na huduma, inatokana na jikoni. Kikifika nakipanga kwa kasi ya vitu kuharibika: majani mbele, matunda laini katikati, mizizi, vitunguu na boga nyuma. Karoti nazikata majani siku hiyohiyo kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Viazi vinakaa gizani. Vikipata mwanga vinageuka kijani na kujenga sumu. Visioshwe kabla ya kuhifadhi, wala visilale pamoja na vitunguu.

Kwa anayefikiria kujiunga, uliza swali moja kabla ya jingine lolote: nani amelima kila kilichomo? Huduma ya kwanza niliyoijaribu, tofauti na hii, ilikuwa ikijazia kikapu kwa mazao ya soko la jumla kila shamba lilipopungukiwa, na haikusema. Niligundua kwa vibandiko vya msafirishaji vilivyosahaulika kwenye matunda. Hii ya sasa inaandika jina la shamba kwenye kila fungu, na ukitaka kwenda kuona wanakukaribisha. Uliza pia kama kuna kikapu cha nusu. Ukiwa unaishi peke yako, au unakula nje mara kwa mara, kikapu kizima kitakushinda.

Ningeipa nyota nne kati ya tano; ya tano wataipata siku ujumbe wa kilichomo utakapofika mapema. Msimu ujao nimejiandikisha kwa kikapu kidogo, na nimeomba nyongeza ya nyanya zitakapokuwa nyingi. Zile zilizopasuka wanaziuza kwa bei ya chini, nami nazipika mpaka ziwe nzito na kuzigandisha kwenye vifuko.