Uzoefu wangu: ngalawa ya kuagiza kwa fundi wa Pemba, zawadi ya mzee

Anayetaka kumpa mzee wake ngalawa mpya asianzie kwa fundi. Aanzie kwa mzee mwenyewe: anavua nini, anatoka na nani, na mkono wake unafika wapi. Niliagiza moja kaskazini ya Pemba kwa ajili ya baba, anayevua mshipi ndani ya mwamba, mara nyingi peke yake. Palipofuatwa vipimo vyake, kazi ilitoka safi. Palipoachiwa mazoea ya fundi paliharibika, kwa sababu mazoea ya fundi ni ya vijana wanne wanaokwenda na nyavu nje ya mwamba.

Fundi alitaka urefu wa pima nne. Nikashikilia tatu, yaani mikono 12, takriban mita 5.5. Mzee wa mshipi hahitaji zaidi ya hapo, na kila mkono unaoongezwa ni uzito atakaouvuta mchangani maji yakiwa yamekupwa. Hapo asitegemee kila siku vijana wa diko, pale vyombo vinapopandishwa. Upana wa tumbo tulikubaliana sentimita 60, atoshe kukaa na kapu la chambo kando yake bila kuligusa kwa goti.

Nilidhani zawadi ya namna hii inaweza kuwa ya kushtukiza. Haiwezi. Kana, yaani mpini wa usukani, hupimwa kwa mkono wa anayeishika: akiwa amekaa, bega limetulia, kiwiko kimekunjwa kidogo. Kana fupi humfanya ajipinde nyuma siku nzima, na ndefu humgonga mbavuni kila akigeuza. Ubao wa kukalia nao ulipimwa kwa kigoda anachokalia nyumbani, shibiri moja kutoka sakafu ya ngalawa. Chini ya hapo magoti yake hayanyanyuki. Juu ya hapo ngalawa inakuwa nyepesi kuyumba. Mlete mzee kwa fundi mara mbili: siku ya vipimo, na siku mlingoti unaposimamishwa.

Mti ni mwembe. Mwenye shamba hakati mwembe unaozaa vizuri, kwa hiyo utakaopewa ni mkongwe, na ukongwe ndio unaoleta uozo wa moyo. Gonga gogo kwa kisogo cha shoka kuanzia kitakoni kwenda juu. Mlio uliojaa ni mti mzima. Mlio wa ngoma una uvungu. Mti ukishalala tazama kata yake. Uozo wa katikati usiozidi kiganja si neno, maana sehemu hiyo ndiyo inayochongwa na kutupwa. Uozo uliotambaa kuelekea ganda ukatae hapo hapo, hata kama umeshalipia. Kibali cha kukata ukishike mkononi kabla shoka halijaingia, usikubali kuambiwa kitafuata.

Kuchonga kwenyewe sina la kulalamika. Fundi alitoboa matundu madogo kwa keekee kutokea nje, akapigilia vijiti vilivyokatwa kwa urefu mmoja: sentimita 5 chini, 3 mbavuni. Akichonga ndani kwa tezo, anapoona kichwa cha kijiti anajua amefika, anaacha. Vijiti hubaki humo, na vikilowa huvimba vikaziba vyenyewe. Ukimkuta fundi anayekisia unene kwa kugonga kwa vidole tu, muombe afanye hivi. Ngalawa iliyochongwa nyembamba mahali pamoja haina dawa.

Tatizo lilikuja baadaye. Gogo bichi lilikuwa limeshafunguliwa, likaachwa juani siku mbili bila kufunikwa, na omo, ncha ya mbele, ikapasuka ufa wa karibu shibiri mbili. Mwembe hukauka nje haraka kuliko ndani, na ncha ndizo zinazopoteza maji mwanzo. Dawa ni kinga: kivuli, makuti yaliyoloweshwa juu yake, na ncha zipakwe mafuta mazito siku ile ile. Ufa wetu ulitengenezwa kwa kutobolewa tundu dogo mwisho wake ili usiendelee, ukajazwa pamba iliyochovywa kwenye sifa, yaani mafuta ya samaki, kisha ndani likapigiliwa bao la kuufunga. Unashika, ila ni wa kuangaliwa kila ngalawa inapopandishwa.

Sasa mirengu, ile miti ya kukingama, na matengo, mbao za pembeni zinazofungwa kwenye ncha zake, na hapa ningependa msomaji atulie, kwa kuwa ndipo usalama wa mzee ulipo. Mwili wa ngalawa ni mwembamba. Bila matengo haukai. Mirengu miwili hukingama juu ya mwili, mmoja mbele ya mlingoti na mmoja nyuma, na kwa ngalawa ya pima tatu tulipima karibu mita 4 kutoka tengo hadi tengo. Ukifupisha, ngalawa inageuka upesi lakini upepo wa ubavuni unailaza. Ukirefusha, mirengu inacheza na mafungo yanalegea. Mti wa mrengu uchague uliopinda wenyewe tangu ukikua. Uliokatwa kwa msumeno kufuata umbo hukatikia pale nyuzi zake zilipokatwa.

Tengo ni ubao, na namna unavyoinamishwa ndiyo kazi. Ncha ya mbele lazima iwe juu kidogo kuliko ya nyuma, ili ubao upande juu ya maji mwendo ukishika. Kwetu tengo la kushoto lilifungwa ncha ikiwa chini kwa upana wa vidole viwili hivi. Kwa jicho hata huoni. Baharini, kila wimbi lilipokuja tengo lilijichimbia, mrengu ukalia, na ngalawa ikavuta kushoto kama iliyofungiwa nanga. Lilifunguliwa na kufungwa upya kwa saa moja tu, lakini kama mzee angetoka nalo siku ya kusi kali mrengu ungevunjika. Kwa hiyo pima kwa uzi: uvute kutoka omo hadi tezi, ncha ya nyuma, na uangalie kila tengo pande mbili. Halafu mkalishe mzee mahali pake, ngalawa ikiwa majini imetulia. Yetu tuliiweka matengo yote mawili yakipita kiganja kimoja juu ya maji. Yote mawili yakizama hata hali ikiwa shwari, unakokota breki.

Mafungo ni ya kamba, na watu hubishana sana juu ya nailoni na usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Nailoni ina nguvu, lakini ikilowa inarefuka, na fungo lililokuwa kama chuma asubuhi linacheza adhuhuri. Usumba ukilowa unakaza. Tulifunga kwa usumba, tukaongeza nailoni juu kama akiba. Usumba huoza, hilo kweli, basi ubadilishwe kabla ya kila kusi bila kungoja ukatike.

Mlingoti ni wa mvinje, umenyooka, umeinamia mbele kidogo kama ilivyo desturi. Foromali, mti unaobeba tanga, ndipo nilipokwenda kinyume na ushauri wa kila mtu pwani. Walisema pima tatu. Nilikata mbili na nusu. Katika kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, foromali hupitishwa mbele ya mlingoti pamoja na tanga lake, na mtu mmoja mwenye umri hawezi kuihangaikia foromali ndefu, huku ameshika kana, huku upepo unamgeukia. Hasara ipo: asubuhi za umande, ule upepo mdogo wa kutoka nchi kavu, ngalawa hii inaachwa nyuma, na mzee anashika kafi. Naona ni bei ya haki.

Tanga ni la marekani nzito, kitambaa cha pamba. Kitambaa kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo kitajikunja baada ya mvua ya kwanza na pindo zitavuta tanga liwe kama mfuko. Lisikunjwe likiwa na maji, madoa meusi ya ukungu yakishaingia nyuzi zinakufa. Henza, kamba ya kupandishia tanga, tuliichagua ya milimita 12, ijapokuwa 8 ingetosha kwa nguvu, kwa sababu vidole vya mzee havikamati kamba nyembamba ikilowa. Juu ya mlingoti weka kapi, gurudumu la kupitishia kamba, badala ya tundu tupu. Ni kitu kidogo, na ndicho alichokisifu mwanzo.

Lawama yangu kubwa kwa fundi ni misumari. Mbao za kuongezea kimo mbavuni zilipigiliwa misumari ya chuma kitupu, wakati tulikubaliana ya zinki. Wiki ya tatu michirizi myekundu ilikuwa imeshashuka kwenye mbao. Kutu ikivimba hupasua mbao pembeni mwa msumari, kisha msumari wenyewe unakonda na kuachia. Ilibidi yote ing'olewe, matundu yazibwe kwa vijiti, na mipya ipigiliwe pembeni, siyo katika matundu yale yale. Fundi alikubali kosa na hakudai ujira wa pili. Hata hivyo, misumari nunua mwenyewe na umkabidhi.

Kabla ya kuipeleka majini, ijaze maji ikiwa bado nchi kavu, uiache usiku kucha. Asubuhi zunguka na chaki, tia alama kila palipolowa kwa nje, kisha imwagwe, ikauke, na hapo ndipo kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba, irudiwe. Baada ya hapo tumbo lote la nje lipakwe deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na ndani sifa. Harufu ya sifa haimpendezi mgeni, lakini mwembe usiopakwa unaliwa na wadudu wa bahari. Kila ikipandishwa kwa matengenezo, tumbo lipitishiwe moto wa makuti makavu, haraka, bila kusimama mahali pamoja, ndipo deheni irudi.

Malipo yaligawanywa mafungu matatu: mwili ukishachongwa na kukaguliwa, mlingoti na mirengu vikishasimama, na la mwisho baada ya ngalawa kulala majini bila kuingiza maji yanayohitaji kutolewa. Fungu hilo la mwisho ndilo lililorekebisha tengo. Tanga, kamba na kapi havikuwemo katika bei ya fundi, navyo vilichukua karibu robo ya gharama yote. Uliza hilo mwanzo. Weka pia pesa ya upo wa kutolea maji, kafi mbili, nanga na jaketi la kuokolea, na leseni ya uvuvi ya kila mwaka. Bwana diko, msimamizi wa diko, apewe taarifa kabla ngalawa haijafika, apange pa kuiweka.

Kwa wakati, agiza kusi inapoanza. Bahari ni kali na mafundi wengi wako nchi kavu, na ukihesabu miezi minne unafika tanga mbili, majira ya kati ya kusi na kaskazi, upepo ukiwa mdogo na mzee ana nafasi ya kuizoea. Yetu ilichelewa wiki tano, mbili kwa ufa na tatu kwa misumari na mvua za vuli.

Kwa mkono wake wa tezo, fundi yule ningempa kazi tena. Ngalawa inakwenda sawa, haivuji, na baba anaigeuza peke yake. Lililobaki ni tanga la pili, dogo zaidi, la siku za kusi. Kitambaa kimeshaloweshwa, kinakauka.